Namba ya Siri

"Sitoi! Hata ukuje na polisi, sitoi!"

"Mama, si mimi naitaka. Ni Nairobi."

"Nairobi ni nani? Nairobi alinizaa?"

"Ni yule Singh wa mashine. Amesema bila hiyo namba hakuna kusaidiana."

"Na wewe mara moja umeshika kalamu! Miaka ishirini na mbili nimekaa na bwana yangu, hiyo namba hakunipa. Siku anakufa ndio ameniambia, hapa, kwa sikio. Leo wewe mtu ya Kaptembwo unasimama mbele yangu unasema, mama, toa namba ya siri niandike!"

"Kwani unafikiri nataka kukuibia?"

"Mimi hapana fikiri. Mimi naona."

Kwenye benchi la wateja mwanamke mmoja alicheka kwa pua. Kiprugut akageuka, kalamu mkononi, na kumkata jicho. Alimjua. Alikuwa Wariara wa Kabazi, yule mama wa trekta ya chama, na jana saa nne Kiprugut alikuwa amemfukuza kutoka kaunta hiyo hiyo. Leo alikuwa mteja wa kwanza kufika, na wengine walipochoka wakaenda zao, yeye alibaki, kikapu katikati ya miguu, kama mtu aliyekuja kuangalia mchezo.

"Unacheka nini, mama?"

"Kwani kucheka kuna namba?"

Kiprugut akarudisha macho kwa karatasi yake. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na tangu aache shule darasa la saba hakuna kitu alichokuwa amekifanya vizuri isipokuwa kujibu watu. Alikuwa amebeba magunia pale stesheni mpaka bega likaota sugu. Halafu Navin, mzee wa spea za trekta, alimwona siku moja anagombana na karani juu ya hesabu ya magunia, na Kiprugut ndiye alikuwa na haki. Navin akamchukua. Mwaka sabini na moja akampeleka Nairobi wiki moja kujifunza kuendesha mashine. Kuanzia hapo, ukikutana na Kiprugut huko Kaptembwo na umuulize kazi, hakusema anauza spea. Alisema, "Mimi ni opereta wa kompyuta," na watoto walikuwa wanamfuata nyuma.

Wakulima waliita mashine hiyo "lile dude". Lilikuwa refu kama kabati, la kijivu, na lilikaa nyuma ya kaunta. Ndani yake kulikuwa na kadi zenye matundu, maelfu. Unabonyeza namba ya trekta na namba ya spea, linapekua, trrrrr, halafu linatema kikaratasi: rafu fulani, sanduku fulani. Zamani hayo yote yalikuwa kwa kichwa cha Navin. Masanduku elfu tatu, na kila moja alilijua kama mtu anavyojua meno yake. Alipoambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa damu, hakulia. Alinunua dude, akakaa mbele yake miezi sita, akalimwagia kichwa chake chote, kadi moja moja. Halafu mwaka jana akafa. Mjane wake, Shakuntala, ambaye zamani alikuwa anateremka dukani kuleta chai tu, akateremka akakaa kwa kiti.

Juu ya kaunta palikuwa na ubao. Kiprugut mwenyewe aliuandika, na alikuwa anaupenda kuliko picha yake: BILA NAMBA HAKUNA SPEA. Trekta za Wazungu walioondoka zilikuwa za kila aina, na ukimpa mtu pampu ya trekta nyingine anarudi na matusi. Hiyo ni kweli. Lakini Kiprugut alikuwa anauonyesha ubao huo kwa kidole hata kabla mtu hajafungua mdomo, na alikuwa na raha yake hapo. Mtu ametoka Molo, ametoka Kabazi, amesimama kwa lori saa mbili, anasema trekta yangu ni ile nyekundu. "Nyekundu si namba, mzee. Soma ubao." Mzee anarudi alikotoka.

Sasa dude lilikuwa limekufa tangu jana saa kumi na moja jioni. Lilivuma, likanguruma kama mbwa anayeota, likanyamaza. Taa moja nyekundu tu ndiyo ilibaki. Na leo asubuhi, saa tano, bibi wa posta alipowaunganisha na Nairobi, ndipo matata yakaanza.

Huyo fundi, Harbans Singh, alikuwa na sauti ya mtu ambaye amelala vibaya.

"Modeli gani?" aliuliza.

"Ni ile kubwa," Kiprugut akasema. "Ya kijivu."

"Tembo pia ni kubwa, pia ni kijivu. Nikuletee daktari ya tembo?"

"Boss, wewe kuja tu, utaiona."

"Kuja tu! Mwaka jana wameniambia kuja tu, nimeendesha gari mpaka Kitale, siku nzima, nafika, mashine hapana chomekwa kwa ukuta. Mimi sitoki Nairobi tena bila habari. Sikiliza. Taa gani inawaka? Inatoa sauti gani? Kabla ya kusimama, ilikuwa inafanya nini, na nani alikuwa karibu?"

Kwa taa alijibu. Kwa sauti alijibu. Hilo la mwisho alisema, "Hakuna. Ilisimama tu."

"Mashine haisimami tu. Haya, nipe siri—" hapo waya ukakwaruza, krrr, "—namba. Kama ni chini ya elfu nne, mota imekufa, na mota ya hiyo haitengenezwi tena, chimba kaburi. Kama ni juu ya elfu nne, ni kitu kidogo, hata wewe unatengeneza. Lakini usifungue kitu kabla ya kujua. Nipe namba kwanza."

Bibi wa posta akasema dakika tatu zimeisha.

Kiprugut akabaki na simu mkononi. Namba ya siri. Hakujua mashine ina siri. Lakini aliyajua mambo mawili. La kwanza ni lile Shakuntala alilomwambia asubuhi hata kabla ya salamu: "Hii ni kichwa ya bwana yangu umeua. Ikifika saa saba mchana haijaguruma, wewe rudi stesheni kubeba magunia." La pili ni lile yeye peke yake alikuwa analijua. Jana saa kumi na moja, mama akiwa juu nyumbani, Kiprugut alitandika suruali yake mpya kwa kaunta, ile ya miguu mipana kama kengele, ya kwenda nayo densi Jumamosi, akachomeka pasi kwa soketi ya dude. Kompyuta na pasi, soketi moja. Alikuwa amefika goti la kushoto wakati dude lilipovuma.

Kwa hiyo hiyo namba haikuwa namba tu. Chini ya elfu nne, yeye ni muuaji na mchukuzi wa magunia. Juu ya elfu nne, bado ni opereta.

Ndiyo sababu alikuwa ameshika kalamu.

"Mama, nisikilize," akasema sasa, akijaribu kuteremsha sauti. "Unaweza kunong'ona tu kama ni juu ama chini ya elfu nne. Sitaki yote."

Shakuntala alishika funguo zake kiunoni kwa mikono miwili. "Sasa anataka nusu! Leo nusu, kesho nusu, keshokutwa dhahabu ya ndoa yangu iko sokoni!"

"Dhahabu imetoka wapi? Nani ametaja dhahabu?"

"Namba ya sefu ni ya dhahabu, ama ni ya viazi?"

"Sefu?" Kiprugut akamkodolea. "Nani anataka sefu? Mimi nasema mashine!"

"Mashine iko na siri gani?"

"Na mimi najuaje? Kama ni siri!"

Hapo Wariara akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, na alitembea mpaka kaunta polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Akakunja mkono wa sweta. Toka kifundo mpaka karibu na kiwiko, ngozi yake ilikuwa imejaa maandishi ya kalamu ya wino.

"We kijana. Nisomee hapa."

"Mama, ngoja kwanza, unaona tuna maneno..."

"Soma. Jana ulinituma hii. Ulisema nirudi Kabazi nikalete namba ya kwa kibati. Nimerudi. Kibati kilikuwa na tope na girisi ya tangu Mzungu. Nimekiosha na mafuta ya taa, nimekisugua na gunia, na nikaandika kila kitu niliona, hata ile sielewi, ili usinirudishe tena. Sasa hapa, juu ya namba, pameandikwa nini?"

Kiprugut akainama. Herufi zilikuwa zimechorwa, hazikuandikwa, kila moja peke yake kama mti. "S," akasema. "E. R. I. A. L." Akaunganisha. "Si-ri-al."

"Siriel," Wariara akasema. "Mwalimu wa kwetu ndivyo ameisoma. Sasa hiyo siri yenu ya sefu ni gani, na fundi anataka namba ya kwa kibati?"

Nje mkokoteni ulipita na mabati yake, ukipiga kelele mpaka ukaisha.

"Ati nini?" Shakuntala akasema. Akasoma mkono wa Wariara, akamsoma Kiprugut. "Serial. Serial namba! Saa nzima unaniitisha namba ya sefu, na wewe ndio mtu ya kuuliza watu namba?"

"Simu ilikuwa inakwaruza."

"Simu hapana kwaruza. Kichwa ndio inakwaruza."

"Mkuki kwa nguruwe," Wariara akasema, na hakumalizia, akarudi kwa benchi.

Masikio ya Kiprugut yalikuwa yanawaka. Mwaka mzima alikuwa amewaambia watu "namba ya kwa kibati", maana hivyo ndivyo Navin alikuwa anamwambia yeye, na hakuna siku alijisumbua kusoma kibati chenyewe kimeandikwa nini. Lakini sasa angalau alijua pa kwenda. Akazunguka kaunta mpaka mbele ya dude. Kibati kilikuwa pale juu, katikati, mahali kama paji la uso.

Hakikusomeka hata herufi moja. Kilikuwa chekundu chote.

Siku dude lilipofika, Navin alipasua nazi mlangoni, akachanganya unga mwekundu wa sala na samli, akachovya kidole gumba, akakipiga muhuri pale kwenye kibati, kama unavyompaka bwana harusi. Kiprugut alikuwepo, alikula hiyo nazi. Kila sikukuu ya Diwali baada ya hapo Shakuntala aliongeza kidogo pembeni, na mwaka huu ambao hakuwa na mume aliongeza zaidi, mpaka kibati kikawa na ganda.

Kiprugut akachukua bisibisi.

"Hapana guza!"

Alikuwa hajamsikia akija. Shakuntala alikuwa amesimama kati yake na mashine, mabega juu, mtu mdogo kama yule anazuia kabati.

"Mama, namba iko chini ya hiyo rangi."

"Hiyo si rangi."

"Najua si rangi. Lakini namba iko chini."

"Hapo ni kidole ya Navin. Ukiangalia karibu unaona mistari ya ngozi yake. Mwili tumechoma, nguo tumegawa, viatu nimempa mlinzi. Hapo tu ndio amebaki." Hakuwa analia. Alikuwa anasema kama mtu anayehesabu masanduku. "Weka hiyo chuma chini."

"Basi tutapiga simu tuseme nini? Kwamba namba ni nyekundu?"

"Sema ile unataka. Wewe ndio umeharibu."

"Mimi sijaharibu! Hiyo unga yako labda ndio imeingia ndani!"

Alilijua neno hilo kuwa ni la uongo kabla halijatoka mdomoni, na lilitoka tu. Shakuntala akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu.

"Mimi naenda juu, sufuria yangu iko kwa moto. Ukiguza hiyo kitu, utaniona. Na saa saba ni saa saba."

Viatu vyake vikapanda ngazi, tak, tak, tak, mlango ukafungwa.

Kiprugut akabaki na bisibisi. Dude lilimkodolea taa yake moja. Akapiga kaunta teke.

"Nikuambie kitu?" Wariara akasema kutoka benchi.

"Hapana."

"Nitakuambia. Usikwangue. Piga simu tena, muulize huyo fundi kama namba imeandikwa mahali pengine. Ya trekta yetu ilikuwa mara mbili, kwa kibati na kwa injini. Mtu anayetengeneza chuma si mjinga, anajua kibati kinapotea."

"Trekta ni trekta. Hii ni kompyuta."

"Zote ni chuma."

"Mama, mimi nimesomea hii kitu. Nairobi. Kama kungekuwa na namba nyingine ningekuwa najua."

"Ulisomea siku ngapi?"

Wiki moja, na katika wiki hiyo alikuwa amekaa karibu na dirisha, na chini ya dirisha kulikuwa na barabara, na wasichana wa Nairobi walikuwa wanapita. Mwalimu alikuwa anaongea nyuma yake. Kitu fulani juu ya vifuniko. Kitu fulani juu ya kuandika habari zote kwa karatasi kabla ya kupiga simu. Karatasi hiyo alipewa, na aliifungia mandazi kwenye gari la kurudi.

"Basi muombe vizuri," Wariara akasema tena. "Panda ngazi, mwambie pole, mwambie ukweli. Yeye mwenyewe akikwangua ni sawa. Wewe ukikwangua ni vita."

"Ukweli gani?"

"Ule umeficha. Mtu hapigi kelele hivyo kama hajaficha kitu."

Saa ya ukutani ikasema saa saba kasoro dakika kumi na tano. Kiprugut aliona magunia. Aliona wale watoto wa Kaptembwo wakimfuata nyuma, sasa wakiimba kitu kingine. Ingekuwa mtu mwingine angepanda ngazi. Yeye hakuwahi kupanda ngazi ya mtu kuomba, hata ya baba yake, na ndiyo sababu shule iliisha darasa la saba.

Akaweka bisibisi kwa kibati.

Ganda la juu lilitoka kirahisi, vipande vipande, hiyo ilikuwa ya Diwali. Akapuliza. Unga ukaruka, ukamwingia puani, ukashuka sakafuni. Akafika kwa ile ya chini. Hiyo ilikuwa ngumu kama gundi, samli ya miaka mitatu, na kweli mistari ilikuwepo: kidole gumba kizima, mistari yake imezungukana kama matuta ya shamba la mlimani. Mkono wake ukasimama. Navin alikuwa na tabia ya kugonga kaunta na kidole hicho hicho akitaka jibu. "Kiprugut, akili!" Tap, tap.

Kasoro dakika kumi.

Akasukuma. Ilitoka kwa mara moja, kama kigaga.

Nne. Moja. Moja. Saba.

"Elfu nne!" akapiga kelele. "Elfu nne mia moja na kumi na saba! Juu! Iko juu!" Alikuwa ameshika simu tayari, anamwita bibi wa posta, anamwambia ni haraka, ni ya hospitali, ni ya chochote. Wariara alikuwa anaangalia sakafu.

Nairobi wakapatikana kasoro dakika tano. Waya wa simu haukufika nyuma ya dude, kwa hiyo Kiprugut akamsukumia Wariara mkono wa simu. "Shika, uniambie anasema nini!"

"Mimi?"

"Shika!"

Wariara akashika kwa vidole viwili. "Halo. Mimi ni mtu wa trekta. Ndio. Nne, moja, moja, saba." Akasikiliza. "Anasema sawa, hiyo ni fyuzi. Toa waya kwa ukuta. Fungua kifuniko cha nyuma, skrubu nne."

Kiprugut alikuwa amelala chini nyuma ya dude, anazungusha. Moja. Mbili. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Nne. Kifuniko kikatoka.

"Nimetoa!"

"Ametoa. Anasema upande wa ndani wa hicho kifuniko kuna namba imepigwa tena, ile ile. Soma ahakikishe."

Kiprugut akageuza kifuniko. Ndani palikuwa pasafi kama sahani. Namba ilikuwa kubwa, imepigwa na nyundo ya kiwanda, hata kipofu angeisoma kwa kidole. 4117.

Akapitisha kidole juu yake.

"Anauliza kama umeiona."

"Nimeiona."

"Ni ile?"

"Ni ile."

Wariara akarudisha mdomo kwa simu. "Ni ile," akasema. Halafu, "Anasema hapo ndani kuna fyuzi mbili za akiba, zimefungwa na plasta. Lakini usiweke. Anauliza nani alichomeka nini kwa hiyo soketi."

"Mwambie hakuna."

"Anasema hakuna." Akasikiliza. "Anasema fyuzi haijiui. Kama kweli hakuna mtu alichomeka kitu, basi ubaya uko ndani, na ukiweka mpya itaungua na mota pamoja. Kama kuna mtu alichomeka kitu, weka tu. Ni wewe uchague. Na dakika ya simu imebaki moja."

Fyuzi ilikuwa kati ya vidole vyake, ndogo kama punje ya mchele. Vidole vilikuwa vyekundu mpaka chini ya kucha.

"Pasi," akasema.

"Sema kwa nguvu, huku hakusikiki."

"Pasi."

"Ati nini?"

"PASI! Nilikuwa napiga suruali pasi! Jana! Kwa soketi ya mashine! Mwambie ni pasi!"

Sauti yake ilizunguka duka lote, ikapanda rafu, ikarudi. Wariara hakuiambia simu kitu. Hakukuwa na haja, hata Nairobi walikuwa wamesikia bila waya. Aliweka simu chini polepole, macho yake kwa ngazi.

Kiprugut aliweka fyuzi, akafunga kifuniko, skrubu moja baada ya nyingine, zote nne, ingawa alijua nani amesimama pale. Akachomeka waya. Taa nyekundu ikazimika. Ya kijani ikawaka. Dude likavuma, likanguruma, likakaa sawa.

Saa ya ukutani ilikuwa bado dakika moja kufika saa saba.

Akainuka. Hakuangalia ngazi. Akamwambia Wariara, "Lete mkono." Akabonyeza namba iliyokuwa kwa ngozi yake, akabonyeza ya pampu ya dizeli, na dude likapekua, trrrrr, likatema kikaratasi. Rafu kumi na tisa, sanduku la sita. Akaenda, akarudi na pampu, imefungwa kwa karatasi ya mafuta kama Navin alivyoifunga, akaiweka juu ya kaunta.

"Inafanya," akasema, kwa mtu yeyote.

Shakuntala alikuwa amefika mbele ya kibati. Alikuwa anakiangalia, kilivyong'aa. Aliweka kidole chake mahali pale, akakitoa.

"Umeweka wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Ile umetoa."

Kiprugut akatazama sakafu. Palikuwa na unga kidogo karibu na mguu wake, na palikuwa na alama za kiatu chake juu yake, na mwingine ulikuwa umeenda na upepo wa mlangoni.

"Nimepuliza," akasema.

Shakuntala akatikisa kichwa, kidogo, kama mtu anayepokea habari ya bei. Sauti haikupanda. Ingepanda, Kiprugut angejua la kujibu.

"Toka."

"Mama, mashine inafanya. Ulisema saa saba."

"Inafanya. Wewe hapana fanya."

"Na nani ataiendesha?"

"Itakaa. Mimi nitajifunza. Namba ya huyo Singh ninayo."

"Ni pasi tu! Fyuzi moja! Na namba, kwani ningefanya nini, ulikataa..."

"Namba ilikuwa nyuma. Nimesikia." Akakaa kwa kiti. "Toka."

Wariara alikuwa amefunga pampu ndani ya kikapu. Alikuwa na haki ya kucheka sasa, na hakucheka, na hilo lilimuuma Kiprugut kuliko kicheko.

"Basi niandikie barua," akasema. Aliegemea kaunta, kidevu juu. "Miaka mitatu nimefanya hapa. Andika kwamba mimi ni opereta wa kompyuta. Hiyo ni haki yangu, hata watu wa ofisi ya labour watakuambia. Bila barua sitoki."

Alingoja matusi. Lakini Shakuntala alifungua droo, akatoa karatasi yenye jina la duka, akatoa kalamu ya Navin, akaandika tarehe.

"Jina."

"Si unalijua?"

"Jina!"

"Kiprugut arap Sang."

Akaandika. Akaandika na mstari mwingine, mrefu, na Kiprugut akasoma kichwa chini: opereta wa kompyuta. Ilikuwa pale, kwa wino.

"Namba ya kipande?"

Mkono wa Kiprugut ulienda kwa mfuko wa kushoto. Ukaenda kwa wa kulia. Ukaenda kwa shati. Kisha akakumbuka. Kitambulisho chake alikuwa amekitia kwa suruali mpya, ile ya miguu mipana, kujaribu kama mfuko wake unatosha. Suruali ilikuwa imetundikwa kwa msumari huko Kaptembwo, goti moja limenyooka, lingine bado.

"Iko nyumbani," akasema. "Andika tu. Nitakuletea namba kesho. Si unanijua?"

Shakuntala aliweka kifuniko kwa kalamu. Akainua kidole, hakukiinua kwa hasira, akakielekeza juu ya kichwa cha Kiprugut.

Hakuhitaji kuangalia. Aliangalia. Herufi za ubao zilikuwa zake, alizichora mwenyewe na brashi ya inchi moja, na ile S ya SPEA alikuwa ameirudia mara mbili ili ipendeze.

Alifungua mdomo. Maisha yake yote hakuwahi kukosa cha kusema. Akaufunga, akafuta vidole vyekundu kwa suruali, akageuka, akatoka juani, akashika njia ya Kaptembwo.